Tunapima ekseli, hatupimi usingizi

Lori lililopakia salfa bandarini Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, Kongo, hupimwa uzito Vigwaza kabla halijaumaliza Mkoa wa Pwani. Hupimwa Mikese, hupimwa Wenda, hupimwa Makambako, na likikaribia mpaka wa Tunduma hupimwa Mpemba. Likishavuka linakutana na mizani ya Zambia. Ni safari ya kilomita 2,000 na ushee, na katika kilomita zote hizo hakuna kituo ambacho mtu aliyeshika usukani anaulizwa: umelala lini mara ya mwisho?

Swali hilo limenikaa kichwani tangu jirani yangu wa Tabata aliponionyesha mfuko wake wa nyaraka. Ni dereva wa semi, miaka zaidi ya ishirini barabarani. Alikuwa amerudi na shaba, amekaa nyumbani siku mbili, anasubiri simu ya bosi wake imwite kupakia tena. Akamwaga karatasi mezani: pasipoti iliyojaa mihuri mpaka kurasa za mwisho, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, leseni, bima, kadi ya kichwa na kadi ya tela, hati za forodha. Nikamuuliza, "Kaka, ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Kongo, sheria ya kwanza ya kukumbuka ni ipi?"

Nilitegemea ataokota karatasi mojawapo. Akaniambia, "Mdogo wangu, sheria ya kwanza ni kuikataa mikono yako."

Ilinichukua muda kumwelewa. Tanzania tunaendesha kushoto. Zambia, Malawi, Uganda, Kenya na Msumbiji nao kushoto. Kongo, Rwanda na Burundi wanaendesha kulia. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Wajerumani. Vita vilipokwisha Mwingereza akashika huku na Mbelgiji akashika kule, na mpaka leo dereva anayevuka Mto Kagera pale Rusumo anahama upande wa barabara kwa sababu ya mgawanyo ule. Kasumbalesa ni vivyo hivyo. Unatoka Chililabombwe, Zambia, ukiwa kushoto, ukimaliza mihuri unaingia Kongo ukiwa kulia, na usukani wako uko palepale ulipokuwa, mkono wa kulia.

Kilomita za kwanza, anasema jirani yangu, hazina shida. Dereva yuko macho, vibao vinamkumbusha, mbele yake kuna lori lingine la kulifuata. Hatari inakuja kesho yake au keshokutwa. Ameegesha kituo cha mafuta nje ya mji, ameamka saa kumi alfajiri, barabara ni nyeupe, hakuna gari la kumwonyesha upande. Anawasha, anatoka, na mikono inamrudisha nyumbani kushoto. Mikono haijui kwamba imevuka mpaka. Kinachoizuia ni kichwa kilichopumzika, na kichwa kilichochoka hurudi kwenye mazoea.

Halafu kuna jambo la kupita gari. Ukiwa na usukani wa kulia kwenye barabara ya kushoto, unakaa upande wa katikati ya barabara. Ukisogea kidogo unamwona anayekuja. Ukivuka kwenda nchi ya kulia, kiti chako kinakuwa upande wa mtaroni. Ukiwa nyuma ya lori lingine huoni kinachokuja mpaka nusu ya gari lako iwe imeshatoka kwenye upande wako. Hapo tandiboi, msaidizi wa dereva, anageuka kuwa macho ya dereva, anachungulia dirishani upande wa kushoto na kusema "bado, bado, nenda." Maisha ya watu wanne, wawili huku na wawili kule, yanategemea neno la kijana ambaye pengine naye hajalala.

Usiku kuna la taa. Dimu, yaani taa iliyoinamishwa, ya gari lililotengenezwa kwa nchi za kushoto hutupa mwanga mrefu zaidi upande wa kushoto, ili uangaze ukingo wa barabara na watembea kwa miguu bila kumuumiza macho anayekuja. Peleka taa hiyohiyo kwenye nchi ya kulia, na ule mwanga mrefu unaelekea moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Ulaya, dereva wa Uingereza anayevuka kwenda Ufaransa anatakiwa kurekebisha taa zake au kubandika vibandiko vya kuugeuza mwanga. Kwetu nimewauliza madereva kadhaa kuhusu hilo na hakuna aliyewahi kuambiwa na mtu yeyote. Wengi walidhani madereva wa Kikongo wanaowapigia taa wana hasira tu.

Nimeanza na mambo haya kwa makusudi. Tunapozungumzia sheria za kuendesha malori ugenini, mazungumzo yetu hukimbilia karatasi na tozo. Vyote hivyo vina umuhimu wake. Lakini kila sheria ya ugenini, iwe ya upande wa barabara, ya mwendo au ya kupishana, inamtaka dereva afanye kinyume na alivyozoea, na hilo linamtaka awe macho. Dereva aliyechoka huendesha kwa sheria za kwao. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya ugenini ingepaswa kuwa ya usingizi, na hiyo ndiyo ambayo nchi zetu hazijaiandika kwa pamoja.

Si kwamba tumeshindwa kuandika sheria za pamoja. Tumeziandika, na baadhi zinafanya kazi vizuri. Mwaka 2013 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha sheria ya udhibiti wa uzito wa magari, na Tanzania ikaanza kuitekeleza mwaka 2019. Leo dereva yeyote wa masafa anakutajia namba zake bila kusoma mahali: ekseli ya usukani, yaani mhimili wa matairi ya mbele, tani 8, ekseli moja yenye matairi manne tani 10, kundi la ekseli mbili tani 18, kundi la tatu tani 24, na gari lote pamoja na mzigo lisizidi tani 56. Semi ya kawaida ya ekseli sita, ukijumlisha nane, kumi na nane na ishirini na nne, inapata tani 50. Hesabu hiyo inajulikana Kurasini, inajulikana Kigali na inajulikana Kampala. Sababu yake ni ya kifedha: lami inaumia haraka kuliko uzito unavyoongezeka, na ekseli iliyozidishwa kidogo inaleta uharibifu mkubwa kuliko wingi wa tani zilizozidi. Serikali zikaona barabara zinaliwa, zikakaa, zikakubaliana.

Mwaka huohuo wa 2013 bunge lilelile lilipitisha sheria ya vituo vya pamoja vya huduma mpakani. Rusumo, Holili, Namanga, Mutukula, Kabanga, kote huko afisa wa nchi mbili anakaa chini ya paa moja. Tunduma na Nakonde, mpaka unaotuunganisha na Zambia, nchi isiyo mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kituo cha pamoja kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais wa nchi zote mbili, John Magufuli na Edgar Lungu.

Kwenye bima tuna mfano ninaoupenda zaidi. Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inamwezesha dereva kununua bima ya mtu wa tatu nyumbani na ikatambulika Zambia, Malawi, Kongo, Rwanda, Burundi, Kenya na kwingineko. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango wa kadi hiyo imebaki. Maana yake siasa za jumuiya zinaweza kutengana na bado nchi zikakubaliana kuhusu kitu kimoja chenye faida kwa aliye barabarani.

Kwa hiyo uwezo upo. Tumelinganisha ekseli, tumelinganisha bima, tumelinganisha dirisha la mihuri. Saa za dereva hatujazigusa. Hakuna sheria ya Jumuiya yenye nguvu kama ile ya mizani inayosema dereva anayevuka mpaka asiendeshe zaidi ya saa ngapi, apumzike wapi, na nani aadhibiwe akilazimishwa kuendelea.

Ulaya walilifikia hili zamani. Mwaka 1970, Geneva, zilisainiwa kanuni za kazi ya wahudumu wa magari yanayofanya safari za kimataifa, mkataba ambao leo unazifunga hata nchi zilizo nje ya Umoja wa Ulaya kama Uturuki na Kazakhstan. Ndani ya Umoja wa Ulaya kanuni ya mwaka 2006 imenyooka: ukiendesha saa nne na nusu unapumzika dakika 45. Kwa siku unaendesha saa 9, na mara mbili tu kwa wiki unaruhusiwa kufika 10. Kwa wiki moja usizidi saa 56, kwa wiki mbili mfululizo usizidi 90. Mapumziko ya kila siku ni saa 11, ambayo yanaweza kupunguzwa mara chache. Ndani ya gari kuna takografu, kifaa kinachoandika kila dakika gari lilipotembea na liliposimama, na polisi wa nchi yoyote anaweza kukisoma. Mapumziko marefu ya wiki, yale ya saa 45, dereva haruhusiwi kuyalala kwenye kichwa cha lori. Lazima apate kitanda.

Najua kuna watakaosema hizo ni sheria za matajiri. Basi tuweke kando Ulaya. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 153 mwaka 1979 kwa ajili ya nchi zote, tajiri na maskini: dereva asiendeshe zaidi ya saa nne mfululizo bila kupumzika, asizidi saa 9 kwa siku na 48 kwa wiki, na apate angalau saa 10 za kupumzika mfululizo. Tanzania haijauridhia, na majirani zetu wa ushoroba huu nao hivyohivyo.

Na hata huo tuuweke kando. Tusome sheria yetu wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ukiongeza saa za ziada, siku nzima isizidi saa 12. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo una haki ya mapumziko ya saa moja. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine una haki ya saa 12 za kupumzika mfululizo, na mazingira ya kuzishusha hadi nane ni machache na yanahitaji makubaliano ya maandishi. Dereva wa lori hakutengwa kwenye sheria hiyo. Ni mfanyakazi kama karani wa benki. Karani wa benki akifungiwa ofisini saa 18 tungeona habari zake magazetini. Dereva aliyeshika tani 50 akishuka mlima Kitonga kwa saa ya kumi na sita, tunasema ni mzoefu.

Kwa nini sheria hiyo haifiki barabarani? Jibu liko kwenye namna anavyolipwa. Madereva wengi wa masafa hulipwa mshahara mdogo na posho ya safari. Posho ni ya tripu, haihesabu siku. Tripu ikichukua siku 12 au siku 25, fedha ni ileile, na chakula, maegesho, maji ya kuoga na dharura za njiani vinatoka humohumo. Ukimlipa mtu hivyo humwambii akimbie; posho yenyewe inamwambia. Kila saa anayolala anaigharamia yeye. Wengine hawana mkataba wa maandishi kabisa, na asiye na mkataba hana pa kushika akitaka kumwambia bosi kwamba leo nimechoka, nitaondoka kesho.

Hili si jipya. Aprili 2015 madereva waligoma nchi nzima, mabasi yakasimama Ubungo na malori yakasimama njiani. Mambo mawili yalitawala madai yao: mikataba ya ajira, na kupinga kurudishwa chuoni kila wanapohuisha leseni kwa gharama zao wenyewe. Wakati ule watu wengi hapa mjini, nikiwemo mimi, tuliwasikia zaidi kwenye lile la chuo na tukawaona wakaidi. Nilikosea. Walikuwa sahihi kuhusu nani alipe na walikuwa sahihi zaidi kuhusu mikataba. Lakini kwenye umuhimu wa mafunzo yenyewe bado natofautiana na wale waliosema hayahitajiki. Dereva aliyejifunza yote Kibaha na Chalinze hawezi kutegemewa ajue mzunguko wa barabarani wa Lubumbashi unazungukwa upande gani. Lazima mtu amfundishe, na gharama abebe yule anayepata faida ya mzigo kufika.

Wamiliki wa malori nao wana hoja, na sitaki kuipita juujuu. Mmoja wao, ana magari machache na yadi Vingunguti, aliniambia hivi: mzigo wa Kongo unaweza kupita Durban, Beira, Walvis Bay au Lobito. Mteja wa mgodini anahesabu siku. Ukimwongezea siku mbili za usingizi wa dereva, au ukimlazimisha mmiliki aweke madereva wawili kwenye kila gari, bei inapanda na mzigo unahamia bandari nyingine, na hapo dereva tunayemtetea anakosa kazi. Hoja hii ina uzito. Ndiyo maana Tanzania peke yake haiwezi kulimaliza jambo hili, kama ambavyo isingeweza kushika tani 56 peke yake huku jirani anaruhusu 70. Sheria ya uzito ilifanikiwa kwa sababu ilimbana kila mtu kwa pamoja. Ya saa nayo itafanikiwa kwa njia hiyo, na ikiwezekana ihusishe na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa sababu Zambia haimo Afrika Mashariki na ndiko lori letu linakopita siku nyingi zaidi.

Lakini katika hesabu ya yule mmiliki kuna kitu kinakosekana. Siku zinazopotea kwenye safari ya Lubumbashi hazipotei kwa sababu dereva amelala. Zinapotea kwenye foleni. Lori linaweza kusimama Tunduma, likasimama tena Kasumbalesa, siku baada ya siku. Ukipunguza siku moja ya foleni umepata usingizi wa safari nzima bila mteja wa mgodini kuona tofauti yoyote. Kwa hiyo anayesema usingizi ni ghali aanze kwanza kuuliza foleni inagharimu kiasi gani.

Na foleni siyo mapumziko, ingawa kwenye karatasi inaonekana hivyo. Mtu wa ofisini akiona gari limesimama saa 30 anadhani dereva amelala saa 30. Kwenye foleni ya mpaka gari linasogea urefu wa tela moja, linasimama, baada ya dakika arobaini linasogea tena. Usiposogea, wa nyuma anaingia mbele yako na kesi inaanza. Usiku ndiyo zaidi, kwa sababu usiku ndipo wezi wa mafuta wanapokuja na mipira na madumu, na turubai likichanwa mzigo uliopotea unaulizwa wewe. Tandiboi na dereva wanapokezana kulala jicho moja. Mkataba ule wa 1979 unaiachia kila nchi iamue ni kiasi gani cha kusubiri kihesabiwe kuwa kazi. Sisi tukija kuandika sheria yetu, foleni ihesabiwe kazi, saa kwa saa. Vinginevyo tutakuwa na sheria nzuri ambayo kila siku itamkuta dereva amefika Kasumbalesa "akiwa amepumzika" siku mbili bila kufumba macho.

Usalama wa mahali pa kulala ni mzito kuliko tunavyoukiri. Septemba 2016 madereva wa Kitanzania walitekwa Kivu Kusini na magari yao yakachomwa moto, mpaka jeshi la Kongo lilipowaokoa. Katanga si Kivu, na njia ya Lubumbashi haina vita ile. Hata hivyo habari kama hizo hukaa kwenye vichwa vya madereva wote. Dereva mgeni, mwenye namba za gari za T za Tanzania, asiyeijua lugha ya kwenye risiti, giza likimkuta mahali asipopaamini hatasimama. Ataendelea. Huwezi kumwandikia mtu faini ya kuendesha saa 14 kama katika kilomita 150 zilizopita hakuwa na uwanja wenye uzio, taa na mlinzi.

Nimetaja lugha. Hapa kuna jambo linalonipa moyo. Polisi wa Lubumbashi anaongea Kiswahili. Ni Kiswahili chao, chenye Kifaransa ndani yake na maneno yanayomchekesha mtu wa Tanga, lakini mnaelewana na mnaweza hata kubishana. Karatasi ya kosa, sasa, imeandikwa Kifaransa. Dereva anasimuliwa kosa lake kwa Kiswahili na anawekeshwa sahihi kwa Kifaransa. SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019, kwenye mkutano uliofanyika hapahapa Dar es Salaam, na tulishangilia. Matumizi ya kwanza ya maana ya heshima ile yangekuwa fomu ya faini na kijitabu cha sheria za barabarani cha kila nchi ya ushoroba, kwa Kiswahili, kinachotosha kwenye mfuko wa shati.

Kuna mara moja tu ambapo nchi hizi zilimpima dereva mwenyewe. Ilikuwa 2020. Corona ilipoingia, dereva wa lori akawa mtu anayeogopwa kuliko wote. Rwanda ikataka madereva wabadilishane magari mpakani Rusumo, madereva wetu wakalalamika na mazungumzo yakafanyika mpaka utaratibu mwingine ukapatikana. Mei mwaka huo Zambia ikaufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa. Vipimo vikawekwa, vyeti vikatambuliwa, mifumo ya kompyuta ya nchi tofauti ikaanza kupeana majibu ya watu waliopimwa. Yote hayo ndani ya miezi michache. Mwili wa dereva ulipoonekana kuwa hatari kwa wengine, serikali zilijua jinsi ya kukaa meza moja usiku na mchana. Mwili uleule ukichoka ni hatari kwa wengine vilevile: kwa basi linalopanda Iwambi, kwa mama anayeuza nyanya kando ya lami Ilula.

Kifaa cha kuanzia tayari tunacho. Malori yanayobeba mzigo wa nje chini ya forodha hufungwa lakiri za kielektroniki zinazoonyesha gari liko wapi, limesimama wapi na kwa muda gani. Lengo lake ni kuzuia mzigo usishushwe njiani na kodi kupotea. Wamiliki wengi nao wamefunga vifuatiliaji vyao kwa ajili ya kulinda mafuta. Saa za kuendesha za kila dereva zimeshaandikwa, basi, ziko kwenye skrini kadhaa hapa mjini wakati huu ninapoandika. Hakuna anayezisoma kwa jicho hilo. Kuzisoma hakuhitaji mkopo wa benki ya nje wala miaka mitano ya upembuzi. Kunahitaji kanuni moja inayosema kwamba kifuatiliaji kikionyesha gari lenye dereva mmoja limetembea kupita saa zilizowekwa, anayeulizwa wa kwanza ni mmiliki.

Narudia hilo la mmiliki kwa sababu ndiyo roho ya jambo. Sheria ya saa ikitungwa vibaya itakuwa mzigo mwingine kwenye mfuko wa nyaraka wa jirani yangu: kitabu cha kujaza, faini ya kutokijaza, na askari mwingine wa kumnyooshea mkono. Akisimamishwa kwa uchovu alipe yeye, posho imeshaisha, na atajifunza kudanganya kitabu. Nchi nyingine zilipita huko kabla ya kuamua kwamba kampuni iliyopanga safari isiyowezekana ndiyo yenye kosa. Sisi tunaweza kuanzia hapo walipofikia.

La mafunzo nalo halina ugumu mkubwa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Mabibo, VETA ipo kila kanda. Siku mbili zingetosha kumwandaa dereva anayekwenda nchi ya kulia kwa mara ya kwanza: uwanja uliochorwa barabara ya kulia, mizunguko, kupita gari kwa kutumia kioo na tandiboi, kurekebisha taa, maneno hamsini ya Kifaransa ya barabarani. Tandiboi naye afundishwe, maana tumeona kazi anayoifanya pale dirishani. Leo dereva anajifunza haya yote kwa kukutana nayo, na somo la kwanza likienda vibaya hakuna la pili. Nasi tuwafanyie wenzetu hivyohivyo, kwa sababu dereva wa Kigali au Bujumbura anayeingia Dar es Salaam kwa mara ya kwanza anakutana na Barabara ya Mandela, bodaboda na daladala upande ambao mikono yake haiujui.

Jirani yangu alipigiwa simu Jumatatu, akapakia Jumanne, akaondoka Jumatano alfajiri. Juzi usiku alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nilisikia injini zikinguruma na mtu akipiga ubavu wa tela kwa kiganja. Alisema yuko Tunduma, tandiboi wake ana homa kwa hiyo zamu zote ni zake, ameshafumba macho mara mbili na mara zote mbili wamemwamsha asogeze gari. Akasema akivuka hatalala Nakonde, atajaribu kusogea mpaka Isoka ndipo apumzike. Kisha akakatiza, akasema, "Ngoja, mdogo wangu, wanasogea."